Nyumba ya Kazi: Makao na Maisha ya Nyumbani ya Waliokuja Katanga Kuchimba Shaba

Mgeni anayefika Kapata kwa mara ya kwanza huona jambo moja mbele ya mengine yote: katika sehemu ya zamani, nyumba zinafanana. Zimepangwa kwa mistari kama wanafunzi asubuhi wanapoimba wimbo wa taifa. Sisi tunaofundisha hapa tunawauliza wanafunzi wetu: nani alizipanga hivi, na kwa sababu gani? Wengi hawajui. Wanajua kwamba babu alitoka Kasai, au Kaniama, au Dilolo, au ng'ambo ya mpaka huko Angola, kwamba alikuja «juu ya kazi», na basi. Habari ya nyumba yenyewe hawajaisikia. Ndiyo maana tumeona vema kuiandika katika kijitabu hiki, kwa kuwa nyumba nayo ni desturi. Na tuseme wazi tangu mwanzo tunakokwenda: raha ya nyumba ya kambi ilikuwa raha ya kweli, wazee hawakuiota; lakini ilikuwa raha ya kuazimwa, na aliyeiazima alijua siku yoyote inaweza kudaiwa.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka huohuo kukaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta watu wa kazi. Wenyeji wa nchi walikuwa wachache na hawakuwa na hamu ya kuacha mashamba yao, hivyo kampuni ililazimika kutafuta watu mbali: Rodesia ya Kaskazini (Zambia ya sasa), Angola, baadaye Kasai na Rwanda-Urundi. Ni kusema, tangu siku ya kwanza mji wa shaba ulijengwa na wageni.

Na wageni wale walilala wapi? Katika vibanda vya miti na udongo, paa la majani, watu wengi pamoja, wanaume watupu. Baridi ya Katanga ya mwezi wa sita na wa saba tunaijua sisi wenyewe. Mtu aliyetoka bonde la joto, bila blanketi la kutosha, akilala chini kwenye unyevu, mapafu yake hayakudumu. Nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo viliua wengi kuliko mawe ya mgodi, na mwaka 1918 ikaja homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Kijijini, habari zilizorudi zilikuwa mbaya, hata wengine wakikimbia porini wakisikia mwandikishaji anakuja.

Hapa tutazame kidogo Afrika Kusini. Kule kwenye almasi ya Kimberley na dhahabu ya Johannesburg, wachimbaji waliwekwa katika makambi yaliyofungwa, wanaume peke yao, kwa miezi kadhaa, kisha wakarudishwa kwao na kuletwa wengine. Katanga nayo ilianza kwa njia kama hiyo. Lakini kufikia 1928 Union Minière ilikuwa imegeuza mwendo: mkataba wa miaka mitatu, na mfanyakazi aje na mke wake, au asaidiwe kuoa. Tusidanganyike kwamba ilikuwa huruma tu. Kumtafuta mtu mbali, kumsafirisha, kumfundisha, halafu afe au aondoke baada ya miezi sita, ilikuwa hasara. Tena migodi ya Waingereza ng'ambo ya mpaka ilikuwa inafunguka na kuwataka watu walewale. Mwenye mke na watoto hakimbii ovyo. Kumbe nyumba nzuri ilikuwa kamba, kamba laini.

Ndipo zikaanza nyumba za matofali, na Kolwezi, iliyoanza kukua mwishoni mwa miaka ya 1930 kama makao ya machimbo ya upande wa magharibi, ilijengwa katika roho hiyo. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Chumba kimoja au viwili, mlango, dirisha, baadaye malata juu (mabati, kwa wasomaji wa nchi nyingine), jiko nyuma ambapo mama aliwasha mbabula ya makala. Bomba la maji la kuchangia, choo cha kuchangia. Kila juma posho: unga wa mahindi, samaki mkavu au nyama, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi, ikipimwa kwa hesabu ya watu wa nyumba. Hospitali bila malipo, masomo ya watoto mikononi mwa wamisionari, wanawake wenye mimba na watoto wachanga wakipimwa uzito. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo ya wafanyakazi na kuieleza katika kitabu mwaka 1946, aliona kampuni kama mzazi na mfanyakazi kama mtoto anayelelewa. Wazee wetu nao walisema vilevile kwa kinywa chao: kazi njo baba, kazi njo mama.

Lakini baba huyo alikuwa na macho makali. Mkubwa wa kambi, ambaye wazee walimwita Changachanga, alikuwa na neno juu ya kila kitu. Nyumba ilikaguliwa: umefagia? umemwaga maji machafu wapi? Mgeni akija kukutembelea, hata ndugu wa tumbo moja, ilibidi aandikishwe, na siku zake zihesabiwe. Kwa watu waliozoea kwamba mlango wa ndugu haufungwi, jambo hilo lilikuwa chungu kuliko kazi yenyewe.

Na kulikuwa na neno jingine, ambalo wanahistoria hawalisemi sana lakini mama zetu wanalijua: neno la buko, yaani wakwe. Kwa makabila mengi yaliyokutana hapa, Waluba wa Kasai na wa Katanga, Walunda, Watshokwe, Wasanga, mkwe ni mtu wa heshima na wa kuepukwa. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye chakula, na kulala naye chini ya paa moja ni aibu kubwa. Kijijini hakuna shida: uwanja ni mpana, mgeni anapewa nyumba yake. Vijana wa kiume wakibalehe nao wanajengewa kibanda chao, hawalali karibu na chumba cha wazazi. Sasa peleka desturi hiyo katika vyumba viwili vya kambi! Mama mkwe amekuja kumwangalia binti aliyejifungua, atalala wapi? Watu walitafuta akili. Bwana alihamia kwa jirani wa kabila lake kwa majuma mawili. Au aliomba zamu ya usiku, akarudi asubuhi mama mkwe amekwisha kutoka. Vijana walipangwa kwa nyumba ya rafiki ambaye hakuwa na watoto wakubwa. Pazia la kitambaa lilifanya kazi ya ukuta, na wengine walijenga kwa siri kibanda nyuma ya jiko, ambacho mkaguzi alikiangusha. Mhandisi aliyechora nyumba ile alihesabu hewa na mwanga, nadhifu kabisa; heshima hakuihesabu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mila ilipopinda zaidi kuliko kanisani au shuleni, maana mtoto aliyekulia humo aliona baba yake na bibi yake wanapishana kwenye korido moja na dunia haikuanguka.

Mama wa kambi alibadilika pia. Katika vyumba vya kushona na vya mafunzo ya nyumba alijifunza kukata nguo, kupiga pasi, kupika kwa namna ya wazungu, na nyumba iliyopambwa vizuri ilisifiwa. Gazeti la kampuni, Mwana Shaba, lililoanza 1957, lilionyesha familia za namna hiyo. Tunaweza kucheka vitambaa vya meza vilivyofumwa, lakini katika nyumba nyingi za Kapata vingali mezani. Lugha nayo iliingia kwa mlango huohuo. Mluba na Mtshokwe wakipakana ukuta, watoto wao wakicheza kwenye bomba moja, Kiswahili kilitoka kazini kikaja kulala nyumbani. Na mwaka 1953 Padri Placide Tempels alipofika Kolwezi, mafundisho yake yaliyozaa Jamaa yalishika hasa hapo: bwana na bibi, kuzungumza wao kwa wao, kuungana. Yalipata udongo wake, maana katika kambi mume na mke walikuwa peke yao, mbali na wajomba na mashangazi ambao kijijini wangeamua mambo.

Tumesema raha ya kuazimwa. Ushahidi ni siku ya mwisho ya kazi. Mzee akifika pensheni, nyumba ilirudi kwa kampuni. Yeye arudi kijijini au atafute kiwanja nje ya kambi. Mume akifa, mjane alipewa muda, kisha naye alitoka na watoto, na pengine watoto hao hawakukijua kabisa kijiji walichoambiwa ni kwao. Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa, ikawa Gécomin, halafu Gécamines tangu miaka ya 1970. Bendera ilibadilika, desturi ya nyumba ikabaki. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi amewaita watoto wa kambi hizo watoto wa shaba walioachwa na baba yao, na sisi hatujapata jina lililo sahihi zaidi.

Baba aliondoka taratibu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapa Kolwezi, ulibomoka, na miaka michache baadaye uzalishaji wote haukufika hata sehemu ya kumi. Mshahara ukachelewa mwezi, halafu miezi. Na katikati ya njaa hiyo ikaja siasa. Mwaka 1992 huko Likasi, na tangu Machi 1993 hapa Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa. Walilala kituo cha reli na katika shule, chini ya mvua, wakingoja treni ya kwenda Kasai, na watoto wakafa kwa surua na kuhara kabla ya treni kufika. Nyumba walizoziacha ziliingiwa na wengine. Tunaandika jambo hili kwa sababu halizungumzwi, na kwa sababu kuna watu katika mistari ileile ya nyumba, waliorudi na waliobaki, ambao leo wanaombana chumvi. Nyumba iliyotolewa kwa ajili ya kazi ilinyang'anywa kwa ajili ya kabila. Tofauti ni kubwa, lakini katika hali zote mbili mkaaji hakuwa na kitu cha kushika mkononi.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miaka. Katika miaka hiyo ya 2000 nyumba nyingi za kambi ziliuzwa kwa waliokaa ndani yake. Jirani zetu wa Zambia walikuwa wamepita njia hiyo mbele: tangu 1996, chini ya Rais Chiluba, nyumba za halmashauri na kisha za migodi ziliuzwa kwa wapangaji wake. Basi kwa mara ya kwanza nyumba ya kazi ikawa ya mtu. Ajabu yake ni kwamba alipopata ukuta, alipoteza vilivyoufanya ukuta uwe raha: bomba, hospitali, unga, mtu wa kuziba malata yanapovuja. Tangu hapo mama analipia maji au anayachota kisimani, na umeme unakuja unapotaka, ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye Lualaba yetu wenyewe.

Uhuru wa kuwa na nyumba yako ulileta pia mambo ambayo Changachanga asingeyaruhusu. Huko Kasulo, tangu 2014, watu waligundua kobalti chini ya viwanja vyao na wakachimba ndani ya nyumba, sebuleni, chumbani, mpaka mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na wakaaji wake wakahamishwa. Wengine tuliwalaumu kwa haraka. Lakini mtu ambaye nyumba haijawahi kumhakikishia kesho, mbona asiuze sakafu?

Kapata kumekuwa na kuchimba pia, ila sura inayoonekana zaidi ni anexi. Karibu kila uwanja una chumba kimoja au viwili vilivyoongezwa nyuma, pale palepale mkaguzi alipoangusha vibanda, na vinapangishwa kwa waliokuja mapya: mchimbaji kutoka Mwene-Ditu, fundi kutoka Likasi, mwanafunzi. Makampuni makubwa yaliyokuja baada ya Gécamines hayajengi tena kambi za familia. Yanaleta basi asubuhi na kulirudisha jioni, na mahali pa kulala kila mtu ajitafutie. Wachina wanaofanya kazi humo ndio wanaokaa katika makambi yaliyofungwa, wengi bila wake zao, kama Katanga ya kabla ya 1928. Na mpangaji wa anexi anapokuja kutazama chumba huuliza bei, maji, na umeme; halafu, akiwa na bibi, anauliza polepole kama kuna mlango wa pembeni, juu ya siku mama mkwe atakapokuja.