Mfahamu Selous: Mpenzi wa bunduki aliyeuawa kwa risasi kusini mwa Uluguru

Ukitoka Morogoro mjini, ukaizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, ukapita Matombo, Mvuha na Duthumi hadi Kisaki, unakaribia pori lililobeba jina la mtu mmoja kwa karibu miaka 100.

Mtu huyo ni Frederick Courteney Selous, Mwingereza aliyeishi kwa bunduki na kufa kwa bunduki. Kaburi lake liko Beho Beho, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Wengi wanalijua jina la Selous kwa sababu ya pori. Wachache wanamjua mwenyewe, silaha alizozipenda, na jinsi mapenzi hayo yalivyomfikisha kwenye vita akiwa na umri wa mzee wa kustaafu.

Alianza na "gobore" la kizungu

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, alishuka meli kusini mwa Afrika akiwa na pauni 400 na ndoto ya kuwinda tembo.

Mwaka uliofuata alifika kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimcheka. Alimwona ni kijana mdogo mno kwa kazi ya tembo, lakini akamruhusu.

Bunduki yake nzuri ilikuwa imeshaibwa njiani, hivyo akabaki na silaha za bei rahisi: bunduki nzito za kushindilia, kaliba ya bore 4, alizonunua kwa takriban pauni 6 kila moja.

Kwa mtu wa Morogoro anayelijua gobore, kanuni ni ileile. Unamimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, unaingiza risasi ya duara, unashindilia, unaweka fataki, unafyatua. Halafu unaanza upya, huku mnyama yupo mbele yako.

Bore 4 maana yake nini?

Zamani ukubwa wa mtutu ulipimwa kwa kuhesabu gololi za risasi zinazotoka kwenye ratili moja ya madini ya risasi. Bore 12 ni gololi 12 kwa ratili. Bore 4 ni gololi nne tu.

Yaani gololi moja ina uzito wa gramu 113 hivi. Risasi ya .303, iliyotumiwa na jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa na gramu 11 na kidogo. Tofauti ni mara 10.

Bunduki yenyewe ilikuwa na uzito wa karibu kilo 6. Haikuwa na mtutu wenye mifuo ya ndani inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja, kwa hiyo shabaha ya mbali ilikuwa bahati nasibu. Dawa yake ilikuwa moja tu: kumsogelea tembo hadi uwe na uhakika.

Kati ya mwaka 1872 na 1874, Selous aliua tembo 78 kwa bunduki hizo.

Teke ambalo hakulisahau

Silaha hiyo ilikuwa na gharama kwa mpigaji pia. Siku moja bunduki ilikataa kulipuka. Mbeba bunduki wake akaishindilia tena bila kujua kwamba ndani tayari kulikuwa na baruti na risasi.

Selous alipofyatua, mzigo wa mara mbili ulilipuka kwa pamoja. Alirushwa chini, bunduki ikaruka nyuma yake, kitako kikavunjika na uso ukachanika hadi damu.

Miaka mingi baadaye aliandika kwamba alijuta kuzitumia bunduki zile. Alisema teke lake liliharibu mishipa yake ya fahamu kiasi cha kuathiri upigaji wake maisha yote. Anayefanya mazoezi ya shabaha ataelewa. Mwili ukishajifunza kuogopa kishindo, mkono unatikisika kabla kidole hakijavuta kifyatulio, na risasi inapotea.

Bunduki aliyoipenda

Teknolojia ilipobadilika, Selous naye alibadilika. Aliyemvutia zaidi alikuwa George Gibbs, mtengeneza bunduki wa mji wa Bristol, aliyetumia mfumo wa Farquharson.

Bunduki hiyo inapakiwa risasi kwa nyuma. Ukishusha wenzo ulio chini, kizibo cha chuma kinateremka na nafasi ya risasi inafunguka. Inabeba risasi moja tu kwa wakati.

Kwa nini mtu apende bunduki ya risasi moja? Wapenzi wa shabaha wanazo sababu. Haina vipuri vingi vya kukwama porini, na inamlazimisha mpigaji kutulia kwa sababu hana risasi ya pili ya haraka.

Kaliba yake, .461, ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na bore 4, lakini ilifika mbali zaidi na kulenga vizuri zaidi. Baadaye Selous alihamia kwenye kaliba ndogo zaidi, zenye mwendo mkali na teke dogo.

Pamoja na sifa zake, hakujigamba kuwa mlengaji wa ajabu. Kitabu chake cha mwaka 1881 kilimpa jina kubwa, na baadaye alimsaidia Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, kupanga safari yake ya uwindaji ya mwaka 1909 Afrika Mashariki.

Vita vyafika Uluguru

Vita vilipoanza mwaka 1914, Selous aliomba kujiunga na jeshi. Kwanza alikataliwa kwa sababu ya umri. Mwaka 1915, akiwa na miaka 63, alikubaliwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers na kuletwa Afrika Mashariki. Juni mwaka huo alikuwa kwenye shambulio la Bukoba.

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Morogoro mjini. Wajerumani na askari wao walirudi nyuma kuizunguka Uluguru, kukawa na mapigano Kisaki na Duthumi, kisha pande zote mbili zikasimama kwenye mto Mgeta. Malaria, njaa na mvua viliua watu wengi, na waliobeba mzigo mzito zaidi walikuwa wapagazi Waafrika. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo ni makumi ya maelfu.

Mwanzoni mwa Januari 1917 Waingereza walivuka Mgeta. Tarehe 4 Januari, pale Beho Beho, Selous aliinuka kutafuta walipojificha wapigaji wa upande wa Wajerumani. Risasi ilimpata kichwani. Alikuwa na miaka 65 na siku nne.

Simulizi za vita zinamtaja mbeba bunduki wake, Ramazani, aliyekwenda kulipiza kisasi baada ya bwana wake kuanguka.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 4 Januari 1918, mtoto wake Freddy, rubani wa kivita, naye aliuawa.

Pori bila bunduki

Mwaka 1922 pori lilipewa jina la Selous, na mwaka 1982 likaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Lakini bunduki hazikuondoka. Sensa ya mwaka 1976 ilikadiria tembo zaidi ya 100,000 katika eneo hilo. Ile ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000. Ujangili ulikuwa umewamaliza, na mwaka 2014 UNESCO ikaliweka pori kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilitengwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hilo si badiliko la jina tu. Uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwenye pori la akiba, lakini hauruhusiwi ndani ya hifadhi ya taifa.

Kwa raia wa kawaida, silaha sasa inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki bila leseni ni kosa la jinai, na gobore la kienyeji nalo limo.

Kumbe pale Beho Beho, alipolala mtu aliyependa bunduki kuliko wengi, mgeni leo haruhusiwi kuwinda. Anaruhusiwa kulenga kwa kamera tu.