Kisanduku kilichouliza ‘Hutaki?’: Historia fupi ya vitufe vya ndiyo na la

Mwishoni mwa mwaka 2003, mavuno makuu ya kahawa yakiwa yamepamba moto, karani wa kiwanda kimoja cha kahawa nje ya mji wa Karatina alibonyeza kitufe kimoja na kupoteza kilo za wakulima 63. Programu aliyokuwa akiitumia niliiandika mimi.

Wakulima wa kwetu huchuma asubuhi. Alasiri hufikisha matunda kiwandani, huyachambua juu ya magunia yaliyotandazwa, kisha hujipanga foleni kwenye mizani, naye karani huandika kilo kwenye kadi ya kila mmoja. Chama chao cha ushirika kilikuwa kimenunua kompyuta. Mimi wakati huo nilikuwa nikifundisha ‘mapakeji’ katika chuo kidogo mjini Nyeri, nikaombwa niwatengenezee programu ya kuweka hesabu hizo. Nikajigamba kwamba yangu ingesema Kiswahili. Jioni hiyo karani alipotaka kuifunga, kisanduku cha ujumbe kilijitokeza katikati ya skrini kikamuuliza: ‘Hutaki kuhifadhi data ya leo?’ Chini ya swali palikuwa na vitufe viwili, ‘Yes’ na ‘No’.

Karani alitaka kuhifadhi. Akabonyeza ‘No’. Kilo zote zikatoweka.

“Mwalimu,” akaniambia kwenye simu, “hii mashini yako imeniuliza kama sitaki. Nikaiambia hapana, kwa sababu nataka. Sasa imetupa kwa nini?”

Nilikosa la kumjibu. Ilituchukua siku tatu kuwaita wakulima warudi na kadi zao ili tuandike upya. Ajuza mmoja, ambaye siku ile alikuwa ameisahau kadi nyumbani, alisimama mbele ya meza akanikazia macho: “Kijana wangu, mimi nilileta debe mbili na nusu. Nani atanilipa, kompyuta?” Majirani zake wa foleni walimtolea ushahidi, karani akaandika. Mimi nikarudi Nyeri nikiwa nimenywea.

Kosa halikuwa la karani. Alijibu Kiswahili sanifu kabisa. Neno ‘ndiyo’ lenyewe linajieleza: ni ‘ndi-’ ya kusisitiza pamoja na ‘-yo’ ya rejeshi, yaani ‘hivyo ulivyosema ndivyo ilivyo’. Kwa hiyo ‘ndiyo’ huafiki kauli ya aliyeuliza, iwe ya kukubali au ya kukanusha. Mama akimuuliza mtoto, “Hujala?” naye hajala, atajibu, “Ndiyo, sijala.” Akiwa amekula atasema, “La, nimekula.” Gikuyu tuliyokulia nayo huenda njia iyo hiyo, na ndiyo maana Kiingereza cha kwetu kimejaa watu wanaosema ‘Yes, I have not eaten’, walimu wakawaadhibu bure. ‘Yes’ ya Mwingereza haijali swali limeulizwaje. Hutazama tu kama jambo lenyewe lipo au halipo. Zamani hata Kiingereza kilikuwa na maneno manne ya kazi hii: ‘yea’ na ‘nay’ kwa swali la kawaida, ‘yes’ na ‘no’ kwa swali lenye ukanushi. Mawili ya kwanza yalififia. Kifaransa bado kina ‘si’ na Kijerumani ‘doch’ kwa ajili ya kupinga ukanushi.

Mimi niliandika swali kwa Kiswahili, nikapanga majibu kwa mantiki ya Kiingereza. Lakini mbona vitufe vilibaki vya Kiingereza, nami niliahidi Kiswahili? Hapo ndipo historia ya kisanduku chenyewe inapoingia.

Programu ile niliiandika kwa Visual Basic 6, chombo kilichotoka mwaka 1998 na ambacho karibu kila chuo cha kompyuta cha miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nanyuki hadi Embu, kilikifundisha. Kisanduku cha ujumbe hapo huitwa kwa amri moja, MsgBox. Mwandishi wa programu huandika ujumbe na kichwa chake kwa lugha anayotaka. Vitufe, kinyume chake, huviagiza kwa namba: 4 ni ‘Yes’ na ‘No’, ongeza 32 upate alama ya kuuliza, ongeza 256 ili kitufe cha pili ndicho kiitikie mtu akigonga Enter. Jumla 292. Mtumiaji akibonyeza ‘Yes’, programu hurudishiwa 6. Akibonyeza ‘No’, hurudishiwa 7. Maandishi ya vitufe hutoka kwenye Windows yenyewe, kwa lugha ya Windows hiyo, na Windows iliyokuwa kiwandani ilikuwa ya Kiingereza. Ukiandika swali kwa Kiswahili, unampa mtu swali la kwao na majibu ya kwa wenyewe.

Isidhaniwe kwamba waliobuni vitufe hivyo hawakujua uzito wa maneno. Kampuni ya Apple ilipokuwa ikitengeneza kompyuta yake ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, wabunifu waliona neno ‘OK’ ni la mtaani mno. Kitufe cha kukubali wakakiandika ‘Do It’, yaani ‘fanya’. Walipowaita watu waijaribu, mmoja alikasirika akauliza kwa nini kompyuta inamtukana. Alikuwa amesoma ‘Dolt’, mpumbavu, kwa kuwa herufi kubwa ya I ilifanana na l ndogo. Wakarudi kwenye ‘OK’. Na hiyo ‘OK’ ilianza kama mzaha wa gazeti: ilichapishwa Boston mnamo Machi 23, 1839, ikiwa kifupi cha makusudi cha tahajia mbovu, ‘oll korrect’. Aliyefumbua asili hiyo ni msomi Allen Walker Read katika miaka ya 1960. Mzaha wa mwaka 1839 ukafika kiwandani Karatina ukiwa na sura ya neno la kitaalamu.

Baada ya mkasa wangu niliachana na MsgBox kwa maswali yote ya hatari. Njia ilikuwa kutengeneza kisanduku changu mwenyewe: fomu ndogo, maandishi juu, vitufe chini, kisha kuifungua kwa namna inayozuia kazi nyingine mpaka mtu ajibu. Ni kazi ya nusu saa. Kitufe salama ndicho nilichokipa Enter, na Esc nikaipa kitufe cha kurudi nyuma. Lugha ndiyo iliyonichukua wiki nzima.

Mwanzo niliandika ‘Ndiyo’ na ‘La’, nikagundua nimebadilisha nguo tu. Nikaondoa ukanushi kwenye swali, na mwishowe nikaondoa hata ndiyo na la. Kitufe cha kwanza kikawa ‘Hifadhi’, cha pili ‘Usihifadhi’, cha tatu kikawa kitendawili. Kiingereza husema ‘Cancel’. Ukitafuta Kiswahili chake utapata ghairi, batilisha, sitisha, katisha na futa, kila moja na upande wake. ‘Ghairi’ ndiyo yenye maana karibu zaidi, kubadili nia, lakini ni neno la Pwani. Wanafunzi wangu wa Nyeri walilijua kwa ‘ghairi ya’ tu, yaani ‘isipokuwa’. ‘Batilisha’ ni ya mahakamani. Nilipomuuliza karani angependa kiandikwe nini, hakufikiri hata kidogo: “Si uandike tu ‘Wacha’?” Niliandika ‘Rudi’, kwa sababu ya usanifu, na hadi leo sijui kama karani hakuwa amenishinda. Afadhali sisi kuliko mwanafunzi wangu mmoja aliyetafsiri ‘Abort’ kwa kuongozwa na kamusi, akaandika kwenye kitufe ‘Avya’.

Wakati huo huo, bila mimi kujua, watu wengine walikuwa wakihangaika na maneno hayo hayo kwa kiwango kikubwa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux, kwa ushirikiano na Waswidi, ulikuwa ukitafsiri programu za ofisi zilizo huru kwa wote, na mwishoni mwa 2004 Jambo OpenOffice ikatoka. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilikuwa imetangaza nia ya kuleta programu zake kwa Kiswahili. Siku hizi simu nyingi zilizowekwa Kiswahili zina ‘Sawa’ na ‘Ghairi’. ‘Sawa’ naipenda. Asili yake ni Kiarabu, usawa, na hutamkwa Kenya nzima bila mtu kujikuna kichwa.

Vitufe vikishapatikana, ngeli nazo hudai haki yake. Mwandishi wa programu kwa Kiingereza huandika sentensi moja yenye pengo, ‘Delete this’ pamoja na jina la kitu chochote, akamaliza. Mimi nilimwiga: ‘Unataka kufuta’, kisha pengo, kisha ‘hii?’ Rekodi hii, sawa. Pengo lilipojazwa na mkulima, kompyuta ikauliza, ‘Unataka kufuta mkulima hii?’ Kwa bahati mbaya, huku bara hakuna aliyeshtuka, maana ‘mkulima hii’ utaisikia sokoni kila siku. Nilishtuka mimi, mwalimu. Kiswahili kinataka kumfuta mkulima huyu, kuifuta rekodi hii, kulifuta jina hili, kukifuta kiasi hiki. Dawa yake ni kuacha kuunganisha vipande na kuandika sentensi kamili kwa kila aina ya kitu. Inachosha, lakini sijaona njia ya mkato.

Vyombo vimebadilika tangu hapo. Java ilikuwa na uwezo wa kupokea orodha ya maandishi ya vitufe tangu miaka ya 1990. Windows Vista ilipokuja mwaka 2007 ilileta kisanduku kipya kinachokubali vitufe vya maneno yako mwenyewe, na mwaka 2020 kisanduku hicho kikaingizwa rasmi katika vifaa vya kuundia fomu vya .NET. Hata hivyo, ile MessageBox ya zamani ingalipo na vitufe vyake vya kudumu, na ndiyo wanafunzi hufundishwa kwanza. Alan Cooper, anayeitwa baba wa Visual Basic, amelalamika miaka mingi kwamba visanduku vya kuuliza ‘una hakika?’ havimlindi mtu, kwa kuwa mkono huzoea kubonyeza kabla ya jicho kusoma. Afadhali, asema, programu itende na iruhusu kutendua. Nakubaliana naye, ila pale pesa ya mtu inapohusika bado ningetaka aulizwe, na aulizwe kwa lugha yake.

Sentensi kamili nazo zilinipa somo. Msimu uliofuata mama mmoja alikuwa ameandikishwa mara mbili kimakosa, karani akaondoa jina moja, kisanduku changu kipya kikatangaza kwa ngeli safi: ‘Mkulima amefutwa.’ Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anasoma. Kwetu Kenya kufutwa ni kufukuzwa kazi.

“Nimefutwa kwa makosa gani?” akauliza, na foleni nzima ikageuka.

Karani alinipigia simu kabla hata hajafunga ofisi. Kesho yake nilibadilisha maandishi yakawa: ‘Jina lililorudiwa limeondolewa. Mkulima angali mwanachama.’