Miaka 22 bila kelele: Harold Baines alistahili Ukumbi wa Umaarufu au alibebwa?

Tarehe 21 Julai 2019, kwenye mji mdogo wa Cooperstown, New York, wazee kadhaa wa besiboli walipanda jukwaani kuingizwa rasmi kwenye Ukumbi wa Umaarufu. Mmoja wao alikuwa Mariano Rivera wa New York Yankees, mtu wa kwanza kwenye historia kupigiwa kura na kila mwandishi. Asilimia 100, hakuna aliyepinga.

Pembeni yake alikuwepo Harold Baines. Huyu mara ya mwisho waandishi walipompigia kura, mwaka 2011, alipata asilimia 4.8.

Jukwaa moja, heshima ileile. Ndio maana hadi leo ukitaja jina la Baines mbele ya mashabiki wa besiboli Marekani, ugomvi unaanza hapohapo.

Huyu Baines ni nani?

Dogo alitokea Maryland. Inasimuliwa kwamba Bill Veeck, ambaye baadaye alikuja kumiliki Chicago White Sox, alimwona akicheza ligi ya watoto akiwa na miaka 12 tu, akamweka kichwani. Mwaka 1977 White Sox walikuwa na nafasi ya kuchagua mchezaji chipukizi wa kwanza nchi nzima. Wakamchukua Baines.

Alianza ligi kuu 1980, akaja kuacha 2001. Hesabu mwenyewe: misimu 22. Ndani ya muda huo alipata mapigo safi 2,866, akapiga homurani 384 (ile ya kuupeleka mpira nje ya uwanja kabisa) na mapigo yake yakaleta pointi 1,628. Kati ya kila mara 100 alizohesabiwa kwenye gongo, karibu 29 alifanikiwa. Kwa besiboli hiyo ni kazi ya mtu anayejua, maana anayefeli mara saba kati ya kumi bado anaitwa fundi.

Kilichowashangaza wengi ni jinsi alivyokuwa halegei. Mwaka 1982, akiwa na miaka 23, alileta pointi 105. Mwaka 1999, akiwa na miaka 40 na magoti yaliyopasuliwa mara kibao, akaleta 103. Kati ya hizo namba mbili kuna miaka 17, na wenzake wengi aliokuwa nao mwanzo walishatundika viatu zamani.

Na kuna ile mechi ya Mei 1984 dhidi ya Milwaukee Brewers. Mechi ya kawaida ina ngwe 9. Ile ilifika ngwe 17 bila mshindi, usiku ukawa mkubwa, ikabidi isimamishwe iendelee kesho yake. Ikaenda hadi ngwe ya 25. Nani aliimaliza? Baines, kwa homurani moja. Saa 8 na dakika 6 za kucheza, ndiyo mechi ndefu kuliko zote kwenye historia ya ligi kuu ukihesabu muda.

Chicago walimpenda kinoma. Walipomuuza Texas Rangers Julai 1989, wiki chache tu baadaye wakaistaafisha jezi yake namba 3. Yaani mtu bado anacheza, tena yuko timu nyingine, na jezi yake inatundikwa kwa heshima.

Sasa tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba huwezi kuonesha mwaka ambao Baines alikuwa namba moja. Hakuwahi kuwa mchezaji bora wa ligi. Hakuwahi kufikisha homurani 30 kwa msimu, zilimwishia 29. Hakuwahi kupata mapigo 200 kwa msimu. Hakutwaa ubingwa akiwa mchezaji. Fainali aliyocheza 1990 akiwa na Oakland walipigwa na Cincinnati. Pete ya ubingwa aliipata 2005, akiwa kwenye benchi la makocha wa White Sox.

Halafu kuna ishu ya magoti. Kuanzia mwaka 1987, muda mwingi alikuwa mpigaji maalumu, yaani anaingia kupiga tu, wenzake wakienda kudaka yeye anakaa. Wanaombeza wanasema alifanya nusu ya kazi. Zile takwimu za kisasa zinazopima mchango wote wa mchezaji zinampa alama karibu 39, wakati wastani wa waliomo ukumbini unavuka 60.

Ni kama mwanafunzi aliyepata B kuanzia darasa la kwanza hadi anamaliza. Hajawahi kufeli, hajawahi kuongoza darasa. Unampa zawadi gani?

Utetezi wa migomo

Wanaomtetea wana hoja moja wanaipenda sana: mapigo 3,000. Kwenye besiboli hiyo namba ni kama ufunguo. Waliofika pale karibu wote wamo ukumbini, na walioachwa nje ama wana kashfa za kamari au dawa, ama zamu yao ya kupigiwa kura haijafika. Baines alipungukiwa mapigo 134.

Wanasema migomo ya wachezaji ya 1981 na 1994 ndiyo iliyomwibia. Kidogo ina ukweli. Ukijumlisha mechi ambazo timu zake zilikosa kwa sababu ya migomo hiyo, ukiweka na msimu wa 1995 uliochelewa kuanza, unapata kama 120 hivi. Na Baines alikuwa anapata wastani wa pigo moja kwa mechi. Kwa hiyo hata angecheza mechi zote hizo bila kukosa hata moja, angeishia kugonga hodi tu. Ila hebu jiulize: hivi kweli mapigo 134 ndani ya miaka 22 ndiyo yanatenganisha shujaa na mtu wa kawaida?

Kura 12

Waandishi walishamtupa. Sheria inasema ukipata chini ya asilimia 5 unafutwa kwenye orodha, na Baines hakuwahi kufika hata 7. Lakini kuna mlango wa pili, kamati ndogo ya watu 16 inayowaangalia waliosahaulika. Desemba 2018 jina lake likaingia humo. Zilitakiwa kura 12. Akapata 12 kamili.

Watu wakaangalia nani alikuwemo kwenye kamati. Mmiliki wa White Sox yumo. Kocha wake wa zamani aliyemfundisha Chicago na Oakland yumo. Hapo neno "kubebwa" likaanza kusambaa.

Na ukitaka kuelewa kwa nini watu waliumia, mtazame Dick Allen. Huyu mwaka 1972 alikuwa mchezaji bora wa ligi, tena akiwa na White Sox haohao. Kamati kama hiyo ilimjadili 2014, akapata kura 11. Akafariki Desemba 2020 akisubiri. Mwaka 2021 wakampigia tena, 11 tena. Alikuja kuingia Desemba 2024, miaka minne baada ya kuzikwa.

Baines 12, Allen 11. Kura moja. Mmoja alisimama Cooperstown akaongea kwa mdomo wake, mwingine waliongea kwa niaba yake.

Hukumu

Kwa kilele, Baines hafikii, na namba hazifichi. Rafiki zako wakikaa mezani kukupigia kura, hata ushindi wa haki unanuka. Lakini hilo ni kosa la meza, sio la mpigaji. Baines hakuomba kura, hakutukana waliomnyima, hakutumia jina lake kutafuta kiki. Alikwenda kazini miaka 22 akafanya alichoajiriwa kufanya, siku nyingi kuliko karibu kila mtu wa kizazi chake.

Kama ukumbi ule ni wa waliong'aa, hana nafasi. Kama una kona ya watu waliodumu bila kushuka, basi hiyo kona jina lake ndilo linapaswa kuanza. Shida ni kwamba Cooperstown hawajawahi kusema wazi ukumbi wao ni wa nani kati ya hao wawili.

Wewe ungempa kura Baines, au ungeitunza kwa ajili ya Allen? Funguka hapo chini, ila matusi hapana.