Shoka la Ladysmith

Mara nyingi twasikia watu wakinung'unika kwamba kanisa lao halina kinanda, basi hawawezi kuimba vizuri. Leo twawaletea habari za jamaa moja ya Wazulu, walioimba pasipo kinanda wala zeze, na sauti zao zikafika mbali.

Zamani, katika Afrika ya Kusini, wanaume wengi wa Kizulu waliacha wake na watoto vijijini, wakaenda kufanya kazi migodini na viwandani. Usiku wa Jumamosi waliimba mabwenini ili kuondoa upweke. Husimuliwa kwamba walicheza kwa ncha za vidole, wasije wakawaamsha walinzi. Kwa hiyo uimbaji huo huitwa isicathamiya, yaani kwenda kwa kunyata.

Yapata mwaka 1960 Joseph Shabalala, mtu wa Ladysmith katika nchi ya Natal, alianza kundi lake. Baadaye wakaingia ndugu zake Headman na Jockey, na jamaa zao wa ukoo wa Mazibuko. Wakajiita Ladysmith Black Mambazo: Ladysmith ndio mji wa kwao, neno la pili lakumbusha ng'ombe weusi walio hodari wa kulima, na Mambazo ni shoka, kwa kuwa waliwakata washindani wao wote.

Mwaka 1964 Joseph aliota ndoto, tena na tena, akisikia sauti zikipatana ajabu. Akawafundisha wenzake. Mmoja huongoza, wachache hufuata kwa sauti za kati, na wengi huimba sauti ya chini. Hapana chombo cha kuwategemeza. Hivyo kila mtu hana budi kumsikiliza mwenzake kuliko nafsi yake.

Katika miaka ya 1970 Joseph alimwamini Kristo, hata akawa mchungaji, na nyimbo za dini zikazidi. Mwaka 1986 waliimba na Paul Simon wa Marekani, na mwaka 1988 wakapata tuzo ya Grammy.

Ndipo ikaja huzuni. Desemba 1991 Headman alipigwa risasi na mlinzi Mzungu, akafa. Pengo lile halikuwanyamazisha. Mwaka 1993 wana wa Joseph wakaingia kundini, na mwaka huo huo wakaimba Oslo, Nelson Mandela alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani. Joseph alifariki mwaka 2020, lakini wanawe walikwisha kuupokea wimbo.

Basi tusingoje kinanda. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi tukijua kusikilizana, tunacho cha kuimbia.