Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Ukifika Chimala kwa basi kutoka upande wa Igawa, milima inakuwa kushoto kwako na tambarare ya Usangu kulia. Kushoto ndiko inakopanda barabara ya Hamsini na Saba, kona 57 zinazompandisha msafiri hadi Matamba na mbele zaidi Kitulo. Kulia ni mpunga, mifereji na vumbi la ng'ombe. Katikati, kandokando ya lami, wamejipanga watu waliotoka kila upande: Wasangu wenyewe, Wakinga walioteremka mlimani, Wasafwa, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma na Wamasai waliofuata malisho. Mji mzima umejengwa na wageni, na wengi wao huwa wenyeji kabla mvua za pili hazijanyesha. Mmoja tu huchelewa: kijana mmisionari kutoka ng'ambo. Anaweza kukaa miaka mitano, akajua njia zote, na bado watu wakamwita mgeni wetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama nyuma ya kijana wa aina hiyo sokoni, kwenye meza ya mchele. Mama muuzaji, ambaye angeweza kumzaa mama yake, ndiye aliyeanza kuamkia: "Shikamoo, mchungaji." Kijana akajibu "Marahaba" kwa matamshi safi kabisa, kama alivyofundishwa. Mama akajaza sado, akaisawazisha kwa kiganja, akamtajia bei, kijana akalipa. Mimi zamu yangu ilipofika nililalamika kuhusu bei, tukabishana, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akaniongezea konzi moja juu ya sado. Yule kijana hakupewa nyongeza, na hakujua kwamba kuna nyongeza. Iliniuma, na uchungu wangu haukuwa juu yake. Sisi ndio tuliompandisha juu ya kiti kwa ile shikamoo, na aliyeketi juu ya kiti habishani bei.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumfukuzia mgeni mvivu, lakini mimi naisoma kama agizo kwa mwenye nyumba. Jembe ndilo linalomtoa mtu ugenini. Ukishampa umemwambia kwamba shamba hili ni lake pia, na kwamba asipolima utamsema. Taabu ya mmisionari ni kwamba anakuja na jembe lake begani. Kazi yake imekwisha kupangwa na waliomtuma, kabla hajamjua mtu hata mmoja wa kumpangia kazi. Hapo ndipo mapokeo mbalimbali ya dini yanapoachana, na ndipo ninapotaka kuyalinganisha: je, kila moja linamfundisha nini kijana wake kuhusu lile jembe la mwenyeji?

Nianze na hapa nyumbani. Kanisa la Kristo lililetwa Chimala na Wamarekani katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hospitali ya misheni ikafunguliwa chini ya mlima. Mpaka leo, ukisema "hospitali ya Chimala" kuanzia Makete hadi Rujewa, hakuna anayekuuliza ipi. Kanisa hili halina askofu wala makao makuu. Kila ushirika unajitegemea, ibada huimbwa bila kinanda, na mmisionari hutumwa na ushirika mmoja au michache ya kwao, inayomchangia fedha na kutaka kusikia habari zake. Utaratibu huo una uzuri wake, kwa sababu hakuna ofisi kubwa ya kumwamrisha. Lakini unamfunga kwa namna nyingine. Waliomchangia wanataka kujua alichofanya: waliobatizwa, waliotibiwa, paa lililoezekwa. Saa aliyokaa kwenye kibao nje ya nyumba ya jirani bila kufanya lolote haina mahali pa kuandikwa katika barua ile. Na Chimala, urafiki hukua katika saa za namna hiyo.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mjini Algiers mwaka 1868, aliliona jambo hili mapema na kulitungia sheria. Aliwaagiza vijana wake waseme lugha ya wenyeji, wale chakula chao, wavae kama wao, na wasikae kamwe chini ya watatu katika kituo kimoja. Kwa utaratibu huo walifika mpaka Galula, katika bonde la Songwe. Sheria ya lugha ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Anayejifunza lugha ni maskini. Hana budi kumuomba mtoto wa miaka sita amtajie jina la kijiko, na mtoto anacheka, na lazima avumilie. Kwa muda huo jembe liko mikononi mwa mwenyeji. Sheria ya mavazi, kwa upande mwingine, ilipotea njiani. Kanzu nyeupe na joho vilikuwa mavazi ya watu wa Algeria. Vilipofika Galula havikuwa tena vazi la mwenyeji yeyote, vilikuwa sare. Nia ya kufanana na jirani ilikuwa imegeuka alama ya kujitenga naye. Halafu wale watatu: walikingana na upweke, ambao umewavunja wengi, lakini mtu mwenye wenzake wawili mezani kila jioni hana haja kubwa ya kubisha hodi kwa jirani.

Wamormoni nao wana sheria yao: vijana wawili wawili, wavulana kwa miaka miwili na wasichana kwa miezi 18, wakihamishwa eneo hadi eneo na kubadilishiwa wenzao. Ninawahurumia kwa dhati. Kijana wa miaka 19 akiwa ndiyo kwanza ameanza kujua nani ni shemeji ya nani katika mtaa, anaambiwa afunge begi.

Wanatabligh wamelitatua jambo kwa njia iliyo kinyume kabisa, na naona kuna adabu ndani yake. Harakati hii ilianzia Mewat, India, katika miaka ya 1920, na leo misafara yake hupita misikiti yetu ya kandokando ya barabara kuu. Wanatoka siku tatu, siku 40 au miezi minne. Kila mtu anajilipia. Wanalala msikitini na kujipikia kwa zamu, na anayeweza kuwa na duka kubwa Kariakoo anaonekana amechuchumaa nje ya msikiti akimenya vitunguu. Hawamlemei mwenyeji hata kidogo. Hapo ndipo pia kasoro ilipo, kwa maoni yangu. Mgeni asiyekula chako unamshukuru kwa kukupunguzia mzigo, lakini humkumbuki. Wao wenyewe watasema hawakuja kukaa, na kwa kweli huondoka kabla siku ya jembe haijafika.

Waliokaa kweli katika nyanda hizi ni Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891 kwa njia ya Ziwa Nyasa. Sitaki kuwapamba. Walikuja wakati mmoja na utawala wa Wajerumani, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwatofautisha. Lakini wawili kati yao wananirudia kila ninapofikiri suala hili. Wa kwanza ni Traugott Bachmann, aliyeanzisha kituo cha Mbozi kwa Wanyiha mwaka 1899. Alianza kama wengi walivyoanza, akikataza hiki na kile, na kadiri alivyokaa ndivyo Wanyiha walivyomlazimisha kufikiri upya, mpaka akageuza msimamo wake kuhusu mila nyingi alizokuwa akizipinga. Mwanafunzi wa Wanyiha, ndivyo ninavyomwona.

Wa pili ni Elise Kootz-Kretschmer, wa Utengule, upande wa Mbeya. Alikaa na Wasafwa muda wa kutosha kuandika vitabu vitatu juu yao, vilivyochapwa kati ya 1926 na 1929. Ila kinachonigusa zaidi ni kazi ndogo kuliko hiyo: aliketi na wanawake waliowahi kutekwa na kuuzwa katika ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akaandika maisha yao kama walivyoyasimulia. Ndiyo maana leo tunamjua Narwimba, aliyepigania watoto wake katika zama za biashara ya watumwa, na Chisi, aliyepita mikono ya mabwana wengi. Simulizi zile zilipita kwenye kalamu ya mmisionari, na msomaji makini ataiona kalamu hiyo. Hata hivyo, fikiria inavyokuwa mpaka mwanamke akusimulie utumwa wake. Huji siku ya kwanza na daftari. Unakaa, unachambua mboga pamoja naye, unarudi kesho, na yeye ndiye anayeamua lini. Kazi hiyo Elise hakuja nayo kutoka Ujerumani. Alipewa na wanawake wale.

Pwani tunao mfano wa kijana mwingine, naye hakuvuka bahari kubwa: Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akaja Lamu katika karne ya 19. Alikuwa sharifu, nasaba ingemtosha kukaa na wakubwa wa mji. Yeye akaenda Langoni, kwa watumwa, watoto wa watumwa na wageni wasio na kwao, akawafundisha na kuwatibu. Watu hao walipenda ngoma. Waungwana walichukizwa kuona matari yakiingia kwenye maulidi, naye hakuyatoa. Hapo alipokea jembe la wenyeji wake kwa mikono miwili: kitu walichokuwa nacho wao, na ambacho hakikuwa katika mzigo wake. Msikiti wa Riyadha ukasimama, na maulidi ya Lamu mpaka leo yanawakusanya watu kutoka pwani nzima. Alifariki mwaka 1935, na hakuna mtu Lamu anayemwita mgeni.

Tukirudi Usangu, kuna waliofika bila kutumwa na dini yoyote. Wabaluchi waliingia tambarare hii wakafuga, na wao ndio wanaotajwa kuanzisha kilimo cha mpunga cha kumwagilia. Mchele uliopimwa kwenye sado siku ile sokoni una historia yao ndani yake. Walishika jembe, basi.

Yule kijana wa sokoni nilimwona tena msibani, kijiji kimoja cha upande wa tambarare. Kama kawaida alitolewa kiti cha plastiki, akawekwa mbele chini ya turubai pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Nilikuwa na wachimbaji, mita kama mia hivi kutoka pale. Ardhi ya Usangu wakati wa kiangazi ni ngumu kama tofali la kuchoma, tulikuwa tunapokezana kila dakika chache. Akaja peke yake, kakunja mikono ya shati, akasimama bila kusema. Vijana wakatazamana. Mzee mmoja aliyekuwa akisimamia, bila kugeuza kichwa, akasema: "Mpeni jembe." Akaingia shimoni. Alichimba vibaya, akitupa udongo upande ambao wenzake walikuwa wamesimama, na mzee akamkaripia kama anavyokaripiwa mtu yeyote: "Wewe kijana, tupa huku!" Baadaye tulinawishwa pamoja, tukala wali wa sinia moja, na kiganja chake kilikuwa kimechubuka chini ya kidole cha kati.

Mwezi uliofuata kulitokea msiba mwingine, naye hakuja. Siku ya pili nilikuwa stendi alipopita na bodaboda, na mama mmoja wa pale kijijini akamsimamisha barabarani, akashika kiuno. Hakumwamkia. "Jana hukuonekana," akamwambia. "Ulikuwa wapi?"