Maktaba na Haki ya Msafiri

Maktaba ya umma ilimjua msomaji kwa mlango wake. Aliyetaka kuazima kitabu aghalabu alitakiwa kutaja mahali akaapo, na pengine kuleta mdhamini. Sharti hili lina busara yake: kitabu ni mali ya wote, na mkutubi hana budi kujua atakidai wapi. Walakini lilimwacha nje baharia, mchungaji, na kila mtu ambaye riziki yake imo katika mwendo. Kwa hiyo historia ya vitabu vya bure kwa wasafiri ni historia ya kutafuta dhamana nyingine badala ya mlango wa nyumba.

Mwanzo wake ulikuwa sanduku. Mwaka 1817, huko Scotland, mfanyabiashara Samuel Brown wa Haddington aligawa vitabu katika mafungu ya 50. Kila fungu lilikaa katika kijiji kimoja miaka 2, kisha likahamishiwa kijiji kingine, na jingine likaja mahali pake. Wasomaji wake walikuwa wakaazi. Kilichosafiri ni kitabu.

Fikira kama hiyo ilipopanda melini ilipata maana mpya. Tangu mwaka 1859, American Seamen's Friend Society, chama cha New York, kilipeleka masanduku ya vitabu katika meli. Safari iliweza kuchukua miezi mingi, na hakuna mkutubi awezaye kumfuata mdaiwa baharini. Basi dhamana ikawekwa juu ya meli yenyewe: mtu mmojawapo wa chomboni alikabidhiwa sanduku, na chombo kiliporudi bandarini lilibadilishwa kwa jingine. Chama kilikuwa cha dini, na vitabu vingi vilichaguliwa kwa nia ya kuwaongoa mabaharia. Msomaji aliaminiwa kutunza kitabu kabla hajaaminiwa kukichagua.

Katika Afrika ya Mashariki hata mwenye nyumba hakuwa na hakika ya kuingia. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, iliwekewa Wazungu peke yao mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwafrika mkaazi wa mji ule ule alikuwa mgeni mbele ya mlango ule. Hivyo East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 chini ya Charles Richards, ilipopeleka masanduku ya vitabu mikoani, na kuwaazima wasomaji wa mbali kwa njia ya posta, haikuwa ikipunguza umbali wa barabara tu. Ilimfikia mtu ambaye jengo la maktaba lilikuwa limemkataa.

Kenya ilipokuwa huru, sheria ya mwaka 1965 iliunda bodi ya maktaba ya taifa. Hata hivyo wafugaji wa kaskazini mashariki, wanaohama kufuata maji na malisho, walibaki mbali na majengo yake, na mchanga wa nchi yao huyashinda magari. Mwaka 1996 huduma hiyo ilianza kutumia ngamia 3 huko Garissa. Ngamia walibeba masanduku ya vitabu pamoja na hema. Hema likipigwa, maktaba imefunguliwa. Hapa mnyama anayehamisha nyumba ya mfugaji ndiye aliyehamisha maktaba yake, wala mfugaji hakuambiwa kwanza akae mahali pamoja ndipo asome.

Njia nyingine ilionekana Uholanzi mwaka 2010, uwanja wa ndege wa Schiphol ulipofungua maktaba kwa abiria. Waliruhusiwa kusoma papo hapo wakingoja ndege, pasipo kuazima. Utaratibu huu hauhitaji mdhamini, kwa sababu hauweki amana yoyote mkononi mwa mtu: abiria huondoka, kitabu hubaki nusu kimesomwa.

Sanduku la baharia na la mfugaji liliingia katika hatari ambayo uwanja wa ndege uliiepuka. Vitabu viliweza kulowa, kuchanika au kupotea. Lakini maktaba isiyokubali kupoteza kitabu hata kimoja itawahudumia waliokwisha kuwa na milango tu, na wenye safari watapita karibu nayo wasiingie.