Mke-si-mume, Shoga na Huntha: Majina na Watu katika Pwani ya Kusini

Neno shoga lina maisha mawili. Baina ya wanawake wa Pwani ni mwito wa urafiki. Likielekezwa kwa mwanamume, aghalabu ni tusi, ingawa wapo walipokeao kuwa jina lao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa matumizi haya ya pili yamefunga pamoja mambo mawili yaliyo mbali: mtu ajionavyo baina ya wanaume na wanawake, na yule ampendaye.

Msamiati wa kale haukuwa hivyo wote. Haberlandt, akiandika juu ya Unguja mwaka 1899, aliorodhesha jina mke-si-mume, ambalo kwa muundo wake halisemi lolote kuhusu mapenzi. Lasema mtu ni nani. Hanithi, neno la asili ya Kiarabu, kwetu liliegemea kwa mwanamume asiye na nguvu za kiume, ilhali Oman lilimtaja mwenye mwenendo wa kike. Wikan alipochapisha uchunguzi wake wa Sohar mwaka 1977, aliona huko jinsia ya tatu. Mwaka uliofuata Gill Shepherd alimjibu katika jarida lilelile la Man kwa ushahidi wa Mombasa, akitilia mkazo mali na daraja. Kwa maoni yetu, kila mmoja alishika nusu ya neno.

Kivuko cha Likoni huvusha maneno pamoja na abiria, na Kwale msamiati ni huohuo. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda kwa tuhuma za kujamiiana kinyume cha maumbile, wakapelekwa Mombasa kupimwa sehemu za siri. Mahakama Kuu iliyakataa malalamiko yao mwaka 2016. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikaamua kuwa vipimo hivyo vilivunja haki zao. Yafaa mwanalugha azingatie kuwa kifungu 162 cha Kanuni ya Adhabu hakiulizi mtu anajitambuaje. Hutazama tendo, na ushahidi ukatafutwa mwilini. Aliyezaliwa mvulana akajijua kuwa mwanamke, akishtakiwa kwa kifungu hicho, huandikwa mwanamume.

Waliobadili jinsia walipita njia nyingine, ile ya karatasi. Mwaka 2014 Audrey Mbugua alishinda kesi Nairobi, Baraza la Mitihani likaagizwa kubadili jina katika cheti chake na kuondoa alama ya jinsia. Mwaka huohuo mahakama iliamuru chama cha kuwatetea watu kama yeye kisajiliwe. Tume inayotetea mashoga na wasagaji, iliyoendesha kesi ya Ukunda, ilisubiri uamuzi wa Mahakama ya Juu hadi Februari 2023. Huntha nao walipata safu yao katika sensa ya 2019, wakahesabiwa 1,524.

Hata hivyo, magazeti yetu huwakusanya wote hao chini ya fungu la maneno “mapenzi ya jinsia moja”. Kwa mwanamke wa Diani aliyezaliwa mvulana na ampendaye mwanamume, maneno hayo ni kosa la maana kabla hayajawa kosa la adabu: yamemwamulia jinsia yake. Ajabu ni kwamba sarufi yenyewe haina haraka hiyo. Yeye, na kiambishi a-, haviulizi mume wala mke. Swali hutokea tuandikapo Bwana au Bibi, na karani wa Msambweni hulijibu kwa kutazama kitambulisho.